Kwa baiskeli kutoka Wete mpaka Kigomasha: utazame udongo kwanza

Njia ninayoipenda kuliko zote kisiwani kwetu inaanzia Wete, inapita Konde, inazama ndani ya msitu wa Ngezi, kisha inatokea rasi ya Kigomasha, ambako Pemba inakwisha na mbele yako hakuna ila mnara wa taa na bahari. Nimeipita kwenye jua kali na nimeipita kwenye mvua, kwa baiskeli yangu na kwa baiskeli ya kuazima. Wanaotaka kuijaribu huniuliza kwanza habari ya baiskeli. Mimi huwajibu habari ya udongo, maana Pemba udongo ndio unaoamua utafika saa ngapi, na kama utafika umepanda au umesukuma.

Ya baiskeli niiseme haraka. Siku hizi huko Ulaya na Marekani watu wananunua baiskeli maalumu za njia za kifusi, na sifa yake kubwa ni tairi pana, milimita 40 au zaidi. Sasa itazame Phoenix ya babu: tairi lake ni 28 kwa moja na nusu, yaani karibu milimita 40 hizo hizo. Wazee waliokuwa wakifunga gunia la karafuu kwenye karia wakateremka nalo mpaka mjini walijua wanachokipanda. Ukiwa na giya utapunguza kusukuma, kwa sababu Pemba si Unguja. Huku ni kilima, bonde, kilima. Lakini baiskeli ya mbio, yenye tairi jembamba kama kidole, iache nyumbani.

Kinachowashinda wengi ni upepo wa tairi. Mafundi wetu hujaza mpaka ukiligonga tairi linalia kama jiwe, na mwenye baiskeli anaondoka ameridhika. Kwenye lami ni sawa. Kwenye kifusi tairi gumu linarukia kila kokoto, mikono inaingia ganzi, na kwenye mteremko gurudumu la mbele linakukimbia. Mimi nina kilo 68. Natia PSI 45 nyuma na 40 mbele kwa kipimo cha pampu. Asiye na kipimo abonyeze kwa dole gumba: libonyee kidogo, lisizame. Wala usipunguze kupita hapo. Tairi likilegea sana, siku ukigonga mzizi, rimu inaubana mpira wa ndani na kuutoboa matundu mawili yaliyokaribiana, kama alama ya meno. Wengi huona tundu moja, wakaliziba vizuri kwa solusheni na kiraka, wakafunga gurudumu, na mita mia mbele wamekaa chini tena. Ukiona tundu moja upande huu, geuza mpira ulitafute la pili.

Kutoka Wete mpaka Konde barabara ni ya lami. Ukitaka raha yenyewe, iache lami ufuate njia za mashamba, zile zinazopita ukingoni mwa mabonde ya mpunga, mikarafuu ikiwa juu kilimani na maji yametuama chini. Hapo ndipo utakapokutana na udongo mwekundu. Ukiwa mkavu ni mgumu na unapitika vizuri, ila alama za magari ya ng'ombe zinakauka kama zimemiminwa kwa saruji. Gurudumu likiingia kwenye mfereji wa aina hiyo usipigane nalo kulitoa; punguza mwendo, shuka, linyanyue. Macho yako yawe mita kumi mbele, si kwenye tairi, maana baiskeli huenda linakotazama jicho.

Udongo huo ukiwa umelowa, hiyo ni habari nyingine. Masika moja nilitoka Konde kulipoanuka, nikaona jua limewaka nikadhani njia imekauka. Nikateremka bondeni. Hazikupita dakika tano udongo ukaanza kupanda na tairi, ukajikusanya chini ya madigadi, ukajibana kati ya gurudumu na uma mpaka baiskeli ikasimama tuli, mimi nikiwa bado nakanyaga pedali. Nikachokoa kwa kijiti, nikaenda hatua ishirini, ikasimama tena. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka shamba na jembe begani akanitazama, akanijibu salamu, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo haiendi. Itie begani mpaka pale penye majani, usiirejeshe njiani." Nikalibebesha bega langu baiskeli na udongo wake wote. Pale juu akanisaidia kuyafungua madigadi. "Mvua ikinyesha usiku," akaniambia, "bonde hulipi siku moja. Unalipa mbili." Tangu hapo sijateremka bondeni kabla ya siku mbili za jua, na madigadi nayavua mwezi wa Machi, siyarudishi mpaka masika yaishe.

Ndani ya Ngezi mambo yanabadilika. Udongo wa msitu una mchanga mwingi, kwa hiyo haugandi kama ule wa bondeni, lakini kivuli ni kizito na njia inachelewa kukauka, mizizi inateleza. Ukifika lango la msitu simama, toa salamu, jieleze unakwenda wapi. Ukitaka kuingia vijia vya ndani, lipa kiingilio uende na mwenyeji wa msitu; baiskeli iache langoni. Mwombe akuonyeshe mpapindi, mti wa jamii ya mnazi usioota kwa asili popote duniani isipokuwa Pemba. Mimi nimepita njia ile mara nyingi na kila mara ubaridi wa pale unanifanya niache kukanyaga pedali, baiskeli iende yenyewe kidogo, nisikilize.

Baada ya msitu unakuja mchanga, na mchanga una sheria moja: giya nyepesi, kaa nyuma kidogo kwenye kiti, usikate kona. Ukisimama katikati ya mchanga mlaini hutaanza tena ila kwa kusukuma. Wenye haraka hukata kwenda ufuoni Vumawimbi wakapande baiskeli pwani. Inafaa, na ni raha kubwa, lakini kwa maji kupwa tu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yanakupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Tofauti ya kupwa na kujaa siku hizo ni karibu mita 4, kwa hiyo ufuo uliokuwa mpana asubuhi unaweza usiuone alasiri, ukabaki na mchanga mlaini wa juu ambao haupandiki. Waulize wavuvi kabla hujateremka. Na ukirudi, mwagia mnyororo maji ya kisima, ufute, utie mafuta siku hiyo hiyo. Chumvi haingoji kesho.

Vijijini vaa suruali iliyofunika magoti. Mpite mtu mzima kwa salamu. Si adabu kumpita kimya kwa sababu uko kwenye magurudumu. Msimu wa karafuu utakuta majamvi yameanikwa kandoni, pengine mpaka njiani kwenyewe. Shuka, sukuma. Ile ni kazi ya siku nyingi, watoto wamekwea mikarafuu na mama zao wamechambua usiku kucha, na tairi moja lenye tope linaiharibu.

Chukua pampu, viraka, solusheni, mpira wa ndani wa akiba na spana. Maji lita mbili. Madafu utayapata njiani, usiyategemee.

Na upepo uupangie. Wakati wa kusi unasukumwa mpaka Kigomasha, unajiona hodari, kisha unarudi Wete umeinama mpaka kidevu kiguse usukani. Mimi huichagua kaskazi, kati ya Disemba na Februari: njia imekauka baada ya vuli, asubuhi unapambana na upepo ukiwa bado na nguvu, na jioni, miguu imechoka, unakuja mgongoni unakurudisha nyumbani.