Taa za LED: maswali kutoka Kadutu, Bagira na Panzi, mitaa ya Bukavu

*Jioni umeme ukidhoofika, ampuli yangu ya LED inafifia, lakini ya jirani haibadiliki. Tuko kwenye waya mmoja. Kwa nini? (Mama wa duka, Kadutu)*

Mama, tofauti iko tumboni mwa ampuli. Punje moja ya LED nyeupe inataka volti 3 hivi tu, na volti zikizidi kidogo mkondo unapanda ghafla, punje inaungua. Kwa hiyo kinachotakiwa kuchungwa ni mkondo. Ampuli ya jirani ina sakiti ya kukatakata umeme: transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, inafungua na kufunga njia ya umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ikifungua, koili inajaa nguvu. Ikifunga, koili inaimwagia LED. Wakati huo sakiti inapima mkondo, na volti za ukutani zikishuka inaiacha transista wazi muda mrefu zaidi kidogo. Mwanga unabaki uleule. Tafuta kwenye boksi maandishi kama 85–265 V, yaani inafanya kazi kati ya volti hizo. Ya kwako, nadhani, ina kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) na vizuizi tu, hakuna anayepima chochote.

*Boksi linasema saa 25,000. Yangu haikumaliza mwaka. Ni uongo? (Baba wa watoto wanne, Bagira)*

Si uongo mtupu, Baba. Mara nyingi punje bado nzima. Kilichokufa ni kapasita, ile mafundi wetu huita kondansateri. Ndani ina majimaji yanayokaushwa na joto: kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wake unapungua karibu nusu. Sasa ifungie ampuli ndani ya globu isiyopumua, chini ya mabati ya Bagira, uone. Ikianza kumetameta, ndiyo inaaga. Fundi anaweza kubadilisha kapasita hiyo, lakini mtoto asiifungue ampuli: ndani kuna volti 300 na zaidi, na chaji hubaki hata ukiichomoa.

*Nikiwasha taa, redio inakoroma. (Kijana, Panzi)*

Kukatakata kulekule hutoa mawimbi, na mtengenezaji aliyebana bei hakuweka kichujio cha kuyazuia. Sogeza redio. Isiposaidia, badilisha ampuli.

*Nimezima swichi, lakini usiku ampuli inang'aa kidogo. Jirani anasema ni mapepo.*

Mwambie jirani alale. Huenda swichi inakata netri (waya wa kurudishia umeme) badala ya fazi (waya unaoleta umeme), au ina taa yake ndogo ndani. Umeme unaopenya tone kwa tone unajaza kapasita mpaka punje zinang'aa. Ila kama ni netri inayokatwa, kishikio cha ampuli kina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na siku ya kubadilisha ampuli utaujua. Mwite fundi kabla ya siku hiyo.