Fremu 24 kwenye Kioo cha Hezi 60: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Mteja atakuambia, "Picha inakwamakwama." Hapo ndipo fundi mpya hukimbilia menyu ya picha na kuanza kupandisha hiki na kushusha kile. Tulia kwanza. Maneno hayo hubeba kasoro tatu tofauti, na dawa ya moja mara nyingi huiharibu nyingine. Nikiwa na jambo moja la kukusisitizia mapema katika kazi ya kupanga televisheni, ni hili: usiguse mpangilio wowote wa mwendo mpaka ujue unaona kasoro gani na inaanzia wapi. Inaweza kutoka kwenye filamu yenyewe, njiani kati ya kifaa na televisheni, au kwenye kioo.

Tuanze na hesabu, maana asiyeijua hubaki kubahatisha. Filamu za sinema hupigwa fremu 24, yaani picha 24 zilizosimama, kwa sekunde. Enzi za filamu bubu kasi haikuwa moja. Mpiga picha alizungusha mpini kwa mkono, na mwonyeshaji naye alikuwa na kasi yake. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 mwendo ulilazimika kuwa thabiti, kwa kuwa sikio hugundua upesi sauti inapopanda na kushuka, na 24 ndiyo iliyoshika mpaka leo. Kila fremu, basi, inatakiwa kukaa machoni kwa milisekunde 41.7 hivi.

Sasa, televisheni nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani hezi 60. Gawanya 60 kwa 24, unapata mbili na nusu. Kioo hakiwezi kuonyesha fremu mara mbili na nusu, kwa hiyo ya kwanza huonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, kisha tatu, kisha mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho wa filamu. Moja inakaa milisekunde 50, jirani yake 33. Mwisho wa sekunde hesabu imetimia, fremu 24 zimepita zote, lakini mwendo unachechemea kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja. Utauona kamera inapozungushwa polepole kupita majengo au safu ya miti, na pale majina yanapopanda mwishoni. Kwenye uso wa mtu aliyekaa akizungumza hutaona chochote, kwa hiyo usijaribu televisheni kwa picha za namna hiyo.

Kioo cha hezi 120 kinaimaliza kasoro hii bila ujanja wowote: kila fremu inapata mizunguko mitano kamili. Kwa mtu anayependa filamu, hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kununua hezi 120. Soma vipimo kwa makini, lakini. Kwenye boksi huandikwa namba kubwa chini ya jina la kibiashara, 120 au 240, ilhali kioo chenyewe ni cha hezi 60. Tafuta hezi halisi za kioo. Zipo pia televisheni za hezi 60 ambazo zikipewa fremu 24 hushuka zenyewe hadi hezi 48, kila fremu mara mbili, na nyingine hazifanyi hivyo. Utajua kwa kupima tu.

Kupima kwenyewe si kazi. Chukua simu inayorekodi mwendo wa polepole kwa fremu 240 kwa sekunde, rekodi skrini wakati kamera ya filamu inazunguka, kisha pitia video yako fremu moja moja. Hesabu fremu za simu ambamo picha ya televisheni haijabadilika. Ukikuta kumi, kumi, kumi, mwendo uko sawa. Ukikuta kumi na mbili, nane, kumi na mbili, nane, umeshika uchechemeaji mkononi. Namba ikiyumba kwa moja huku na huko, usijali. Simu na televisheni havijafungwa saa moja. Naipenda njia hii kwa sababu inamaliza ubishi. Mteja anayedai macho yake hayamdanganyi anaona mwenyewe, na wewe unaacha kutegemea macho yaliyochoka jioni.

Ukishathibitisha, usikilaumu kioo bado. Mara nyingi mkosaji ni kisanduku cha kutazamia mtandaoni. Vingi huja vimepangwa kutoa hezi 60 muda wote, kwa hiyo ile tatu-mbili hufanyika ndani yake kabla ishara haijaingia kwenye kebo ya HDMI. Televisheni ya hezi 120 inapokea mwendo uliokwisha kuharibika. Baadhi hujua kuutambua mpangilio huo na kuufumua. Kwenye Sony utakuta CineMotion, na LG nyingi ziliita Real Cinema. Lakini ni bora kuzuia kuliko kufumua. Ingia kwenye mipangilio ya kisanduku, tafuta sehemu ya kulinganisha kasi ya fremu na maudhui, uiwashe. Apple TV 4K inayo, na vingine pia. Mwambie mteja mapema kwamba skrini itakuwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili filamu inapoanza na inapoisha, kwa sababu televisheni na kisanduku vinakubaliana upya. Usipomwambia atakupigia simu usiku akidhani umeharibu kebo.

Kwenye kompyuta utakutana na namba za ajabu: 59.94 na 23.976. Hazikukosewa. Mwaka 1953 Marekani ilipoongeza rangi kwenye matangazo yake, kasi ilipunguzwa kidogo, sehemu moja kwa elfu, ili ishara ya rangi isigombane na ya sauti, na urithi huo tunao mpaka leo. Filamu nyingi za mtandaoni na za diski ni 23.976 kwa sekunde, si 24 kamili. Ukiicheza filamu ya 23.976 kwenye hezi 24 kamili, kila baada ya sekunde 42 hivi fremu moja lazima irudiwe, na mwenye jicho kali ataona picha ikishtuka kidogo. Katika orodha ya Windows, ile iliyoandikwa 23 ndiyo 23.976. Ichague hiyo.

Kwa nchi zilizorithi mfumo wa hezi 50 ufumbuzi wa zamani ulikuwa mwingine kabisa: filamu iliharakishwa hadi fremu 25. Mwendo ni laini, ila filamu ya saa mbili inakwisha karibu dakika tano mapema na sauti hupanda kidogo isiporekebishwa. Ukikuta diski ya zamani yenye muda mfupi kuliko ule ulioandikwa kwingineko, si lazima iwe imekatwa.

Sasa tuseme umepanga kila kitu, simu inaonyesha kumi, kumi, kumi, na mteja bado anasema inaruka. Anaweza kuwa anasema kweli. Fremu 24 ni chache, na kamera ikizungushwa haraka kila fremu inaruka mbali na iliyotangulia. Wapiga picha wa sinema wana kanuni ya zamani: kitu kisivuke fremu kwa chini ya sekunde saba hivi, la sivyo kitarukaruka. Projekta za filamu zilificha sehemu ya tatizo kwa kuwasha kila fremu mara mbili au tatu, giza likikatiza katikati. Kioo cha OLED, ambacho kila kitone (pikseli) hutoa mwanga wake chenyewe, hakina giza hilo, tena vitone vyake hubadilika chini ya milisekunde moja, kwa hiyo kila mruko unaonekana wazi. Kioo cha LCD, kinachoangazwa kwa taa ya nyuma, huchelewa kidogo kubadilika, na ule uzito wake hulainisha mruko. Ndiyo maana mtu akitoka LCD ya zamani kwenda OLED ya bei ghali hulalamika. Televisheni yake ni nzima. Inamwonyesha filamu ilivyo.

Hapo ndipo inapoingia ile kazi ya kubuni fremu za kati, inayojulikana kama TruMotion, Motionflow, Auto Motion Plus na majina mengine. Televisheni huchukua fremu mbili, hukisia vitu vilivyosogea, kisha huchora fremu ambazo hakuna kamera iliyowahi kuzipiga. Mwendo unakuwa laini mno, na filamu inafanana na tamthilia iliyorekodiwa studio kwa kamera za video. Pembezoni mwa kichwa cha mtu anayekimbia hutokea ukungu unaotetemeka, vidole huyeyuka, na maandishi ya tafsiri hujipinda. Mwezi Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video wakiwaomba watazamaji waizime, na mwaka 2019 UHD Alliance, muungano wa watengenezaji wa televisheni na studio za filamu, ikatangaza Filmmaker Mode, hali inayozima kulainisha mwendo, kunoa kingo na kusafisha chembechembe kwa hatua moja. Ukiikuta kwenye menyu, anzia hapo.

Msimamo wangu kwa filamu ni kuizima. Lakini usimdharau mteja anayeumwa macho na mruko wa OLED. Televisheni nyingi hutenganisha vidhibiti viwili, kimoja cha mruko na kingine cha ukungu wa mwendo nitakaoueleza mwishoni, vyenye daraja kuanzia 0 hadi 10. Acha cha mruko kwenye 2 au 3, uone kama anapumua. Ukipita hapo sura ya tamthilia huanza kuingia. Kwenye michezo ya kompyuta izime yote bila mjadala: ili kubuni fremu ya kati ni lazima ingoje ijayo, na mchezaji atahisi vidole vyake vinachelewa.

Kasoro ya tatu, ukungu wa mwendo, haihusiani sana na filamu. Utaiona kwenye mpira na michezo ya kompyuta. Kioo hushikilia picha bila kupepesa huku jicho likiendelea kufuata mpira, hivyo picha iliyosimama inapakwa juu ya jicho linalotembea. Kitu kinachokwenda pikseli 960 kwa sekunde kwenye hezi 60 huacha mpako wa pikseli 16. Dawa ni kuingiza fremu nyeusi kati ya picha, lakini mwanga hupungua kiasi kinachoonekana, na wapo wanaoona skrini ikipepesa na kuumwa kichwa. Iwashe mteja akiwa amekaa mbele yake, mpe muda wa kutazama, umuulize kichwa kinajisikiaje kabla hujafunga mkoba wako.