MUULIZE MJOMBA: Daraja liko juu, bahari iko chini, miguu imegoma

Safari hii barua zimekuja utadhani mmeambiana, zote za madaraja, yale makubwa yanayopita juu ya bahari na meli zinapita chini yake. Nimechagua nne. Mbili za kwanza zisomeni pamoja tafadhali, maana huyu wa kwanza anaumwa pale pale ambapo mwenzake ni mzima, na mwenzake vivyo hivyo.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi gari naendesha kila siku na sijawahi hata kumkwaruza mtu, ila njia ya kazini kwangu siku hizi inapita kwenye daraja la baharini limepanda juu balaa, nikianza kupanda naona boneti na mbingu tu, barabara siioni, mikono inalowa, moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, halafu nahisi kama gari litajiendea lenyewe pembeni. Mume wangu anacheka anasema hiyo ni barabara kama barabara zingine. Sasa hivi nazunguka njia ndefu na nachelewa. Je naweza kuzimia nikiwa nimeshika usukani? – Mama wa Njia Ndefu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza huyo bwana mwambie aache kucheka. Kule Marekani, jimbo la Maryland, kuna daraja la Chesapeake Bay, lilifunguliwa 1952, lina karibu kilomita 7 na pale linapopita juu ya njia ya meli limeinuka mita 56 hivi kutoka kwenye maji, na kuna watu biashara yao ni hiyo tu, wewe unahamia kiti cha abiria, wao wanashika usukani wanakuvusha, unawalipa mnaagana. Biashara hiyo isingekuwepo kama waoga mngekuwa wawili watatu.

Sasa hiyo ya kuona mbingu tu. Daraja la namna hii halina mti wala nyumba pembeni ya kukupa kipimo, kwa hiyo jicho linakosa cha kulinganisha na mlima unaonekana mkali kuliko ulivyo, wakati kawaida wahandisi wanapandisha mita 4 au 5 tu kwa kila mita 100, kuna vilima vya kawaida kabisa unavipanda kila siku ni vikali zaidi ya hapo na hujawahi kuviwazia. Na pale kileleni gari la mbele linapopotea machoni ni kwa sababu barabara imejikunja kuelekea chini, ukifika juu unaliona tena.

Kuzimia: mara nyingi hapana. Mtu anazimia presha ikishuka ghafla, na hofu ya hivi kwa kawaida inaipandisha. Hiyo ganzi ya vidole na kichwa kuwa chepesi inatoka kwenye pumzi, unahema haraka haraka juu juu bila kujijua, hewa ya kaboni inapungua mwilini kupita kiasi, ndo vidole vinaanza kuwasha na kufa ganzi. Dawa yake ni kutoa pumzi polepole, iwe ndefu kuliko ile uliyovuta, na uanze kabla hujaingia darajani, ukisubiri mpaka moyo umeshalipuka unakuwa umechelewa. Ila hapa sitanii: kama umewahi kweli kupoteza fahamu au macho kuingia giza ukiwa unaendesha, usukani mpe mtu mwingine na uende kwa daktari kwanza, mambo ya daraja yatasubiri.

Kwenye uendeshaji wenyewe, kaa leni ya ndani mbali na ukingo, macho yatulie kwenye gari la mbele au kwenye barabara hatua kadhaa mbele yako, bahari waachie abiria. Madirisha funga, kelele za upepo peke yake zinatosha kumtia mtu wazimu. Mikono yote miwili kwenye usukani lakini usiukabe, maana ukiukaba kila mtetemeko wa mkono unaenda kwenye tairi, halafu unasema gari linajiendea. Na usipunguze mwendo ghafla wala kusimama! Hatari yenyewe iko hapo, kuna dereva nyuma yako ambaye haogopi chochote na anakuja na spidi yake.

Upepo nao una tabia yake, wewe ukipita nyuma ya mnara wa daraja au ukilipita lori kubwa unakuwa umekingwa kidogo, ukitoka tu unakupiga ubavuni mara moja. Ukishajua kwamba unakuja haukushtui, unarekebisha kidogo basi. Siku kuna kibao au taa ya onyo la upepo mkali, hiyo siku zunguka njia yako ndefu bila aibu.

Na kuzoea kunataka hatua. Vuka kwanza ukiwa abiria, macho wazi. Halafu uendeshe ukiwa na mtu pembeni (asiwe huyo anayecheka), asubuhi ya mapema magari yakiwa machache na hali ya hewa nzuri, na ukifika ng'ambo geuza urudi muda ule ule, ukienda nyumbani ukingoja wiki ijayo hofu inarudi na nguvu mpya. Kila ukilikwepa daraja unaifundisha akili kwamba kweli pale pana kitu cha kukimbiwa.

SWALI: Habari mwandishi. Mi ni dereva wa lori na madaraja marefu navuka usiku na mchana sina habari. Sasa juzi kuna matembezi yalipita kwenye daraja la bahari kwa miguu, nikajitosa na jamaa zangu, kufika katikati ndugu yangu magoti yakaisha nguvu, nikashika chuma cha pembeni siachii, na daraja likawa linacheza! Nimeapa linacheza. Wenzangu wanasema ni mimi. Nani mkweli? – Dereva Aliyeshika Chuma

JIBU: Mko wakweli nyote kaka. Daraja linacheza, na wewe pia unacheza.

Nianze na wewe. Mtu akisimama hatulii kabisa, mwili unayumba kidogo kidogo muda wote, na jicho ndo linausaidia mwili kujirekebisha kwa kuangalia vitu vilivyotulia karibu, ukuta, mti, mlango. Juu ya daraja vitu hivyo hamna, kilicho karibu nawe ni hewa na kilicho chini ni maji ambayo yenyewe yanatembea, basi jicho linakosa pa kushika na mwili unayumba zaidi, wewe unasikia kizunguzungu. Ndani ya lori una kioo, dashibodi, nguzo za kabini, vyote viko mbele ya pua na havisogei kwako, na umekaa umefungwa mkanda. Ndo maana yule mama hapo juu anaumwa woga ndani ya gari na wewe umeumwa macho nje ya gari, ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya.

Siku nyingine tembea chuma cha ukingo kikiwa kando ya jicho lako, kiguse kwa mkono mmoja, kugusa tu kunatosha huhitaji kukumbatia. Ukitaka kuangalia chini simama kwanza, usiangalie huku unatembea. Na usikodolee mawingu yanayokimbia, hayo ni mabaya kuliko hata maji.

Haya, daraja. Basi likipita utasikia sakafu inashuka kidogo chini ya nyayo halafu inarudi, na ukisimama jirani na mnara utaona kwenye barabara kuna chuma kimekatwa meno kama vitana viwili vilivyopandiana, na kati ya meno kuna nafasi, ukiinama unaona mwanga wa chini. Wengi wakiona pale wanadhani daraja limepasuka, kumbe ni nafasi ya kutanukia jua likiwaka na kusinyaa baridi ikija, ile gadang gadang unayoisikia ukiwa kwenye lori inatoka hapo hapo. Daraja la Verrazzano-Narrows la New York barabara yake inakuwa chini zaidi wakati wa kiangazi kuliko wakati wa baridi kwa karibu mita 3.7, sababu nyaya zinazolibeba zinarefuka na joto. Golden Gate la San Francisco, la mwaka 1937, limesanifiwa katikati yake liweze kusogea pembeni hadi mita 8 na ushee kwenye upepo mkali. Halijavunjika.

Lililovunjika ni lile la Tacoma Narrows, Marekani hiyo hiyo, 1940, lilikaa miezi minne tu tangu kufunguliwa, likaanza kujisokota kwenye upepo wa kilomita 64 kwa saa hivi, wala si kimbunga, likaanguka. Pembeni walikuwa wameliwekea mabamba ya chuma mazima mazima, upepo ukakosa pa kupita. (Mtu hakufa hata mmoja, alikufa mbwa aliyeachwa kwenye gari.) Lililojengwa baadaye likawekewa vyuma vya wazi wazi upepo upite. Daraja la Mackinac kule Michigan, la 1957, limeenda mbali zaidi, leni zake za ndani kwenye ile sehemu inayoning'inia ni wavu wa chuma mtupu, ukiangalia chini unaona maji na tairi zinaimba. Kwa hiyo Mama wa Njia Ndefu, ule ushauri wangu wa leni ya ndani, pale Mackinac usiutumie.

Kuhusu uzito wa watu, maana najua utauliza: umati unaweza kulilemea daraja kuliko magari, kwa sababu watu wanabanana na magari yanaachiana nafasi. Mwaka 1987 Golden Gate likitimiza miaka 50 walifungulia watu watembee, wakaingia kama laki tatu kwa wakati mmoja, ule mgongo wa daraja katikati ukalala ukawa bapa kabisa. Likashika. Watu walipotoka likarudi umbo lake.

SWALI: Mjomba kwani lazima walipandishe juu hivyo? Si walilaze tu chini tupite kwa amani? – Kijana wa Chini

JIBU: Meli, mwanangu. Bandari ikiwa ndani na daraja likiwa nje mlangoni, urefu wa daraja kwenda juu ndo unaamua meli gani itaingia. Meli ya abiria Queen Mary 2 ilipochorwa ilibidi bomba lake la moshi lifanywe fupi ili ipite chini ya Verrazzano, na bado nafasi inayobaki ni finyu. Unaona, meli ndo ikajipunguza. Hapo jirani yetu Msumbiji daraja la Maputo–Katembe, lililofunguliwa Novemba 2018, wameliinua kama mita 60 na katikati mita 680 hazina nguzo hata moja kwenye maji, kwa sababu hiyo hiyo. Kukosa nguzo majini kuna faida nyingine pia, nguzo ikigongwa na meli ni msiba, kama ilivyokuwa Baltimore, Marekani, Machi 2024, daraja la Francis Scott Key lilianguka na wafanyakazi sita waliokuwa wanaziba mashimo ya barabara wakafa.

SWALI: Kwa nini madaraja mengine wanakataza kutembea kwa miguu? Mimi sina gari, kwani mi si mtu? – Mtembezi

JIBU: Ni mtu kabisa, ila daraja lenyewe huenda halina pa kukuweka. Madaraja mengi ya zamani yalijengwa na leni za magari tu bila njia ya miguu, ukitembea unakuwa kwenye barabara yenyewe, huna pa kukimbilia, na upepo wa lori linalopita peke yake unakuyumbisha. Astoria-Megler la Marekani, linalovuka mdomo wa mto Columbia, la 1966, lina kilomita 6 na nusu hivi na halina njia ya miguu, lakini Oktoba kila mwaka kuna siku wanalifungulia watu walivuke. Mackinac nalo lina siku yake mwezi wa tisa. Confederation la Kanada, karibu kilomita 13, wewe na baiskeli yako mnapandishwa kwenye gari la daraja mnavushwa. Golden Gate lina njia ya miguu kabisa ila ina saa zake za kufungwa. Kwa hiyo kabla hujatoka ulizia mambo mawili, wanaruhusu miguu upande gani na mpaka saa ngapi, ukifungiwa katikati ya jioni utarudi ulikotoka. Kofia yako ifunge kamba au iache nyumbani, na simu ukipigia picha ivalishe kamba ya mkono, ikishaponyoka ndo imekwenda.