Goti la mama limepata nafuu: ni dawa au lingetulia lenyewe?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 67, tunaishi Ngamiani, Tanga. Goti lake la kulia limesagika. Alimeza diklofenaki ya duka la dawa, siku ya tatu akapata nafuu. Jirani anasema meloksikamu ndiyo kiboko. Wataalamu hujuaje ipi inafanya kazi kweli? Mama anatumia pia dawa za presha.

JIBU: Marahaba, na mpe mama pole. Maumivu ya goti lililosagika hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hukimbilia duka la dawa siku yamemzidi, kwa hiyo hata angemeza unga wa muhogo, huenda siku ya tatu angesikia afadhali. Ushuhuda wa jirani hautoshi.

Watafiti kwanza humwachisha mgonjwa dawa zake za maumivu, mara nyingi kwa siku kadhaa hadi wiki mbili, ili zimtoke mwilini. Majaribio mengi huchukua wale tu ambao maumivu yaliongezeka walipoacha. Mimi hilo hunipa shaka kidogo, maana hao ni watu ambao dawa za aina hii tayari zinawafaa. Kisha kura huamua nani apewe dawa na nani kidonge bandia kinachofanana nayo. Mgonjwa hajui, na anayempima hajui. Hupimwa kwa dodoso la WOMAC: maumivu, kukakamaa, na shughuli kama kupanda ngazi. Waliopewa bandia nao hupata nafuu, tena wakati mwingine kubwa. Sifa ya dawa ni ile tofauti inayobaki.

Tena maumivu si kipimo pekee. Rofecoxib, dawa nyingine ya maumivu iliyoingia sokoni 1999 kwa jina la Vioxx, ilituliza magoti vizuri. Kampuni ya Merck iliiondoa Septemba 2004, baada ya jaribio la watu 2,586 kuonyesha kuwa mshtuko wa moyo na kiharusi viliongezeka, na tofauti ilijitokeza baada ya miezi 18. Jaribio la wiki 12 lisingeliona hilo.

Diklofenaki nayo huweza kupandisha presha, kudhoofisha nguvu ya dawa za presha, kuumiza figo na kuleta vidonda vya tumbo. Meloksikamu ni ya kundi hilohilo, kwa hiyo asizimeze pamoja kamwe. Kwa mama yako ningeanza na jeli ya diklofenaki ya kupaka, kwa sababu inayofika kwenye damu ni kidogo sana. Vidonge aviache mpaka apimwe presha na figo, hospitali ya Bombo au kituo cha karibu, na aende na dawa zake zote mkononi daktari azione. Akipata choo cheusi kama lami, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.