Shangazi, mume wangu ameoa mpira

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 32, mama wa watoto wawili, naishi Ujiji, Kigoma. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye kocha wa timu ya shule. Nilimkuta na filimbi yake shingoni miaka tisa iliyopita. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, akishateka maji anatoka, anarudi magharibi kajaa vumbi. Jumamosi yuko uwanjani. Mshahara ukiingia ananunua mipira, soksi, plasta, nauli za watoto wa watu. Tangu Januari wanafunzi wake wawili wanalala sebuleni kwangu na wanakula kwangu. Mwezi wa nne alichukua mkopo bila kuniambia, nikauona kwenye salari slipu. Tena kuna mwalimu wa kike wa netiboli, wanasafiri pamoja kwenye mashindano. Mwaka 2022 alikwenda Tabora na timu ya mkoa kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya taifa ya shule za msingi, akarudi na dumu la asali tu. Mtaani naitwa mke wa Kocha, jina langu hakuna anayelijua. Biashara yangu ya dagaa pale ufukweni Kibirizi nayo imesimama. Mama anasema nirudi kwake Kalinzi nimtie adabu. Nishauri. Mke wa Kocha, Ujiji, 11 Juni 2024.*

Marahaba mwanangu. Pole sana, kulisha watoto wasio wako si kazi ndogo. Pole nimeshakupa, sasa tusemezane ukweli.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimkasirikia mumeo. Mara ya pili macho yangu yakasimama kwenye maneno mawili uliyoyapitisha haraka: "akishateka maji". Mwanangu, mwanamume anaamka saa kumi na moja, anajaza madumu ili wewe ukiamka ukute maji ndani, halafu ndiyo anakwenda kusimama mbele ya darasa mchana kutwa, na wewe unaliandika hilo kama mtu anayeruka dimbwi! Wanawake wangapi wa Ujiji wana mume anayeteka maji? Waulize wenzako pale pale kisimani. Na hilo dumu la asali "tu". Posho ya safari ya mwalimu unaijua ilivyo ndogo. Akaibana, akanunua asali ya Tabora, akaibeba mpaka mwisho wa reli. Hilo neno "tu", ningekuwa mimi ndiye mumeo, lingeniuma.

Huyo mwalimu wa netiboli mwache kwanza. Wasichana wakienda mashindanoni lazima waende na mwalimu wa kike, nani mwingine atakayewaangalia bwenini usiku? Hukuniandikia ujumbe uliouona kwenye simu, wala usiku ambao hakulala nyumbani bila sababu, wala jirani aliyeona kitu. Umeniandikia gari moja lililojaa watoto. Mimi simhukumu mwanamke mwenzangu kwa kiti cha gari, na wewe usimhukumu. Ukilitoa neno hilo mdomoni mbele ya watu, mwalimu wa watu atapoteza heshima yake, na wewe hutaweza kuirudisha.

Mara ya tatu ndipo nilipoona tarehe. 11 Juni. Mwaka huu wa 2024 serikali imefunga uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane, basi mama muuza dagaa wa Kibirizi katikati ya Juni hana cha kuanika wala cha kuuza. Na katikati ya Juni hiyohiyo shule zimefungwa, michezo ya shule za msingi ndiyo imechacha, na kocha hakai nyumbani. Unaona mambo mawili yalivyogongana? Filimbi umeishi nayo miaka tisa, kumbe Juni hii ndiyo inakukera. Mumeo hakubadilika. Umekauka mfuko, mwanangu, na mtu aliyekaukiwa mfuko huanza kuhesabu shilingi za mwenzake. Sikulaumu kwa hilo, njaa ya pesa inauma. Ila usimpe mumeo kesi ambayo ni ya ziwa. Na nikuulize: miezi ambayo dagaa wanatoka, pesa yake inakwenda wapi? Barua nzima umeorodhesha shilingi za mwalimu mpaka ya plasta. Ya kwako hukuiandika hata moja. Kama inalisha nyumba, ungejisifu, na ungekuwa na haki.

Sasa hao vijana wawili. Wewe ni mtu wa Kibirizi, unajua kuliko mimi. Usiku wa giza maboti yanapotoka na taa, kijana wa darasa la sita anaitwa akasaidie, asubuhi anarudi na bakuli la dagaa na noti mfukoni. Kesho yake amelala juu ya dawati. Keshokutwa haji kabisa. Mwalimu wa hesabu hana cha kumrudishia huyo mtoto. Kocha anacho, anamwambia: asiyeonekana darasani hachezi Jumamosi. Ule mchezo mnaouona wa kukimbiza mpira vumbini ndio kamba pekee inayomfunga mtoto na shule. Naamini hao wawili wa sebuleni kwako ni wa aina hiyo, ndiyo maana mumeo ananyamaza. Siri ya nyumba ya mtoto si ya kutangazwa. Lakini wewe ni mkewe, alipaswa kukwambia.

Na hapo ndipo namgeukia yeye. Mwalimu, kama unasoma, mkopo wa siri sikuungi mkono hata kidogo. Kanuni ya makato inataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara, maana yake theluthi mbili zinaweza kuondoka kihalali kabisa na mkeo asijue kwa nini unga umepungua. Huwezi kulisha timu kwa sufuria ya mtu ambaye hukumwomba. Umekosa, umwombe radhi.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu Tabora, naye alikuwa na timu. Jezi kumi na ya kipa zilikuwa zinakuja nyumbani kila Jumapili, mama anazifua kwenye karai kubwa. Karai la kwanza maji yanakuwa kama chai ya rangi, la pili kama ya maziwa, la tatu ndiyo unaona kumbe jezi ni njano. Mama alifua miaka bila kusema, halafu siku moja akasema. Hakufunga mizigo. Alimwambia baba: leo sifui, waite wazazi wao. Wakaitwa. Wakina mama wa wale wachezaji wakapangiana zamu, na mmoja akawa analeta karanga za kuchemsha kila siku ya mechi. Hakuna aliyekuwa anawaza kwamba Bi Mwalimu anafua peke yake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa. Wewe nawe fanya hivyo hivyo. Hao vijana wana wazazi au walezi, waitwe walete kilo mbili za unga, walete maharage, hata mtu maskini ana kitu cha kuleta kwa mwanawe.

Kuhusu mama yako, namheshimu, lakini nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake. Urudi Kalinzi ukamtie adabu mtu kwa kosa gani, kuteka maji? Siku hizi ndoa inaanza kwa kitchen party, binti anapewa masufuria na vitenge na mafundisho ya chumbani mpaka usiku wa manane, na hakuna kungwi hata mmoja anayemkalisha chini amwonyeshe salari slipu inasomwaje au pesa ya nyumba inapangwaje. Matokeo yake mke na mume wanaishi kama wapangaji wawili, kila mmoja na simu yake na deni lake, wakikutana ni kwa lawama. Kila wiki napokea barua za wanawake ambao waume zao wanaumaliza mshahara kwenye mikeka ya kubeti kabla ya tarehe tano. Wa kwako anaununulia mipira, na mpira ukinunuliwa unaonekana uwanjani, unapigwa na watoto. Ungewasoma wenzako, usingefunga begi.

Zungumza naye Ijumaa akirudi msikitini, kashiba, vijana wakiwa nje. Usimvizie usiku alioshindwa mechi. Mwambie akuonyeshe mkopo ni kiasi gani, unaisha lini, kila mwezi timu inachukua ngapi, na kiasi hicho mkikate pamoja. Na wewe weka yako mezani, uchungu wa miezi mitatu bila dagaa na hofu yako ya mwalimu wa netiboli. Yote mawili, kwa sauti ya kawaida.

Limebaki moja, na nadhani ndilo lililokufanya ushike kalamu. Umelalamika kwamba mtaani wanakuita mke wa Kocha, jina lako hawalijui. Hilo nimelisikia na ni kweli linauma, mwanamke anayelisha timu nzima ana haki ya kuitwa kwa jina lake. Lakini ukafika mwisho wa barua ukasaini nini? Uvuvi unafunguliwa tarehe 15 Agosti. Wiki hiyo niandikie tena uniambie mmefikia wapi, na chini ya barua weka jina ulilopewa na baba yako. Sitalichapisha, ila mimi nataka kulijua.