Atieno wa saa sita mchana

Mwanangu Atieno,

Swali lako nimelipata, na nimeona nikuandikie, maana kwa simu ningeruka mengi. Umeuliza hivi: ikiwa Atieno ni msichana aliyezaliwa usiku, na siku zote nimekuambia nilikuzaa saa sita mchana, jina lako lina ukweli gani? Tena huyu mtoto mnayemtarajia mtamwita kwa mila ya nani: ya akina Kamau mumeo, Wakikuyu, ya babako Mjaluo, au yangu mimi Mbukusu?

Nianze na la kwanza. Ulikuwa uitwe Achieng. Nesi alipouliza jina, babako alitazama jua lililosimama utosini akasema Achieng, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi yako ya kliniki. Kadi hiyo ninayo hadi leo. Tulipofika nyumbani hapa Kisumu ukaanza kulia. Ukilishika titi unaliacha, ukilala kidogo unashtuka. Hukuwa na homa, tumbo lilikuwa laini. Ndipo akaja shangazi ya babako kutoka Siaya. Alikupakata, akakufunika na leso yake, akaanza kuwataja marehemu wa boma lile mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Alipofika kwa Atieno ulinyamaza. Nikakupokea, ukanyonya mpaka ukalala.

Wajaluo husema marehemu ndiye anayekuja kutafuta mtoto wa kumwita kwa jina lake. Wapo watakaokuambia ulikuwa umechoka tu kulia. Mimi nilikuwepo, na nimeridhika na nilichoona.

Atieno huyo ni mamake babako, aliyefariki kabla sijaolewa. Yeye ndiye aliyezaliwa usiku. Kwa hiyo jina lako ni la kweli kabisa, ila usiku wenyewe ni wake. Ndiyo sababu babako anakuita "mama" hata anapokukaripia. Anamtaja mamake kila siku kupitia kwako.

Hizo orodha za majina mnazosoma kwenye simu huandika "aliyezaliwa usiku" kisha basi. Zinakueleza yule wa kwanza tu. Jina likisharithiwa mara mbili au tatu, la kuuliza ni umeitwa kwa nani. Kaka yangu Wanjala hakuzaliwa wakati wa njaa. Mwaka ule mahindi yalijaa ghalani. Jina ni la babu, na njaa ilikuwa ya zamani za babu.

Hata hivyo usiudharau huo mwanzo, maana ni mzuri. Saa za ukutani hazikuwepo, na mama aliyejifungua alijua wakati kwa kutazama nje: Akinyi asubuhi, Anyango jua likipanda, Achieng mchana, Adhiambo jioni, Atieno usiku. Mvua ikinyesha ni Akoth. Pwani msichana wa usiku ni Chausiku, Wakalenjin wakamwita Chepkemboi, na Layla wa Waarabu ni usiku huohuo. Kwetu Bungoma tulifuata zaidi majira: Nafula wa mvua, Nekesa wa mavuno, Nasimiyu wa kiangazi. Mimi nilizaliwa kiangazi kweli, mito ikiwa imekauka. Waakan wa Ghana wao huenda na siku za wiki. Kofi Annan, yule aliyekuja kutupatanisha Wakenya baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938, pamoja na pacha wake Efua. Kofi ni mvulana wa Ijumaa, Efua ni msichana wa Ijumaa, na Annan, maana yake mtoto wa nne, ni jina la ukoo alilorithi. Ukilijua jina lake Kofi, umeshajua siku aliyozaliwa.

Yapo majina ambayo nakuomba usiyacheke kamwe. Umesoma na kina Owiti na Awiti. Maana yake ni aliyetupwa. Mama aliyezika watoto mfululizo, akipata mwingine, mtoto huyo aliwekwa kando ya njia kama kitu kisichotakiwa. Mwanamke waliyekwisha kuelewana naye akapita, akamwokota, akamrudisha kama mtoto wa kuokotwa, na mama akampokea kana kwamba si wake. Kifo kikija kitafute nini kwa mtoto asiye na mwenyewe? Wayoruba wa Nigeria walipita njia nyingine kwa uchungu uleule. Mtoto kama huyo walimwita Durojaiye, yaani kaa ufurahie maisha. Wengine walimsihi abaki, wengine walimficha, na wote walikuwa wanapigania mtoto. Nikiona vijana wanamtania mtu kwa jina la aina hii, roho inaniuma, kwa sababu nyuma yake yupo mama aliyechimbiwa makaburi madogo zaidi ya moja.

Kuhusu Irene, jina lako la ubatizo, ni la Kigiriki, maana yake amani. Haya tunayoyaita majina ya Kizungu mengi hayakuanzia Uingereza. Yohana ni la Kiebrania, George kwa Kigiriki ni mkulima. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilitaka mtoto apewe jina la mtakatifu; ile ya 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristo. Kwa hiyo Atieno peke yake lingetosha kwenye kisima cha ubatizo. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, alibatizwa Obadiah Adonijah, akayaacha yote mawili akabaki na ya kwao. Mimi Irene nalipenda na sijuti kukupa. Ila usikubali mtu akuambie kwamba ndilo jina lako "la kanisa" na Atieno ni la kijijini. Mungu anayasikia yote. Tena majina husafiri: Barack linatokana na baraka ya Kiarabu, likaingia Ujaluoni katika nyumba ya Onyango Obama aliyesilimu, na mjukuu wake akaapishwa nalo kuwa rais wa Marekani mwaka 2009.

Uliniuliza pia kama uchukue jina la Kamau. Sheria ya Kenya haikulazimishi. Japani, mume na mke ni lazima watumie jina moja la ukoo. Iceland mwanamke habadilishi. Hubaki binti wa babake, kama Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa rais mwaka 1980 akiitwa binti wa Finnbogi. Hata mimi nilipoolewa, hapa waliniita nyar Bungoma, binti wa Bungoma, na jina hilo lilinishika mkono miaka ile ya upweke. Amueni wawili, na mkishaamua, vyeti vyote vifanane. Usije ukasumbuka bima na pasipoti.

Sasa mtoto. Mila ya akina Kamau iko wazi: msichana wa kwanza ni wa mamake baba, wa pili ni wa mamake mama, mvulana wa kwanza babake baba, wa pili babake mama. Basi akiwa msichana ni Wambui, na umpe kwa moyo mmoja. Ni jina la mmoja wa wale binti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu kwa masimulizi yao, na Mama Kamau yupo hai, atambeba mtu wa jina lake. Wazee wa upande wa babako hawapendi kuita mtoto kwa jina la aliye hai. Hungoja mtu alale kwanza. Nimekaa na hilo muda mrefu, na nakuambia wazi kwamba hapa Wakikuyu wamenishinda. Wa pili akiwa msichana, nataka awe Nasimiyu, na nataka nimsikie akiitwa. Akizaliwa katikati ya masika sawa tu.

Babako ameshasema mvulana wa pili ni wake, kwa hiyo Nakuru itampata Odhiambo wa Kamau. Anafurahi kupita kiasi.

Msianze kubishana mbele ya karani wa hospitali. Kaeni na Mama Kamau mapema, umwulize yeye mwenyewe aliitwa Wambui kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa namna gani. Andika anavyokueleza, kisha unitumie nakala. Na mtoto akikataa titi, mpeleke kwanza kliniki apimwe. Ikiwa hana lolote, nipigie nipande matatu ya asubuhi.

Msalimie Kamau.

Mamako,
Nasimiyu