Kabla ya Mashine, Nunua Meza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kahama aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nafungua maabara yangu ndogo. Hela ya mashine ya kupimia damu ipo, darubini ninayo, na mjomba amenipa meza ya ofisi bure. Zitakazobaki ndizo nitakazotengenezea meza nyingine. Nichukue fomaika au tailizi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa kifupi siku ile, lakini swali lako liligusa mahali ambapo bado panauma, kwa hiyo leo naandika kwa kirefu ili na wenzako wasome.

Kwanza geuza bajeti yako. Meza ipate hela ya mwanzo, mashine isubiri. Mashine ikizingua utaita fundi, au utapeleka sampuli kwa jirani kwa siku chache. Meza ikioza huna pa kukimbilia, maana kila kichupa cha damu, kila slaidi na kila kopo la mkojo lazima lipite juu yake.

Niliwahi kuongoza maabara ya hospitali moja binafsi, ambayo sitaitaja. Mwenye hospitali aliamua kukarabati jengo zima, na mimi nikaandika mapendekezo ya meza: uso usiopitisha maji, usioliwa na dawa za kuua vijidudu, asidi, alkali wala vimiminika kama spiriti, unaostahimili joto la kiasi. Sikuyatoa kichwani mwangu. Ndivyo mwongozo wa usalama wa maabara wa Shirika la Afya Duniani unavyosema. Kwenye kikao nikaeleza kwa nini mbao za MDF zilizobandikwa fomaika hazifai pembeni ya sinki. Mzee akanisikiliza, halafu akasema mbele ya wote: "Wewe dada shughulika na damu na vinyesi, fanicha tuachie sisi." Watu wakacheka. Meza zikanunuliwa kwa mtu anayeuza makabati ya jikoni.

Kwa macho zilipendeza, nyeupe pee. Siku ya uzinduzi kila mtu alipiga nazo picha.

Ila fomaika ni ngozi nyembamba tu. Chini yake ndiyo hiyo MDF, yaani unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi, na unga huo ukinywa maji unavimba na haurudi tena. Wala maji hayapiti juu, kwenye uso unaong'aa. Yanapita ukingoni, pale msumeno ulipokata, na pale fundi alipotoboa tundu la bomba. Baada ya miezi michache ule utepe wa ukingoni karibu na sinki ukaanza kubanduka. Rangi ya Giemsa, ya kupimia malaria, ikaingia chini yake, na fuksini ya kupimia kifua kikuu nayo ikaingia. Mende wakahamia humo. Sentrifuji, ile mashine ya kuzungushia vichupa vya damu, ilikuwa imewekwa kwenye meza moja na darubini, na miguu yenyewe ilikuwa myembamba, kwa hiyo ikizunguka mtu wa darubini anaona vimelea vya malaria vinacheza. Nikaripoti kwa mdomo, nikaripoti kwa maandishi, na hakuna aliyejibu.

Wakaja wakaguzi. Wakaandika kwamba nyuso za kufanyia kazi hazisafishiki. Nani alipewa barua ya onyo? Mimi, kwa "uzembe katika utunzaji wa samani". Barua hiyo ninayo mpaka leo kwenye faili langu la vyeti, na sina mpango wa kuitoa.

Niliacha kazi pale. Sasa nina maabara yangu hapa Morogoro, na mwezi uliopita ilikaguliwa. Mkaguzi alipitisha kiganja chini ya ukingo wa meza ya kupaka rangi slaidi, akachungulia kwenye maungio, akaandika, akahamia kipengele kingine. Hakukuwa na hoja hata moja kuhusu meza. Nilipofika nyumbani nilimpigia mama simu kumweleza.

Kwa hiyo ukienda kununua, angalia ukingo. Muuzaji atakuonyesha uso, atamwagia maji, atafuta, atakwambia umeona? Mwambie akupe kipande kilichokatwa. Pima unene wake kwa rula, kiloweke nusu kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi pima tena. Kikivimba, mshukuru na uondoke. Kisipovimba, dondoshea juu yake vitu unavyovitumia kila siku: jiki, spiriti, rangi ya kristo vayoleti, na asidi alkoholi, yaani spiriti iliyotiwa asidi. Kila tone lifunike na kioo kidogo, uache saa 24, kisha osha na utazame. Watengenezaji wakubwa nao hupima karibu hivyo hivyo, kwa orodha ndefu zaidi ya kemikali.

Mimi nilichukua bamba la resini ya fenoli, aina ya gundi inayoganda ikawa ngumu. Ni karatasi nyingi zilizoloweshwa resini na kugandamizwa kwa joto mpaka zikawa kitu kimoja kigumu. Ukilikata, ndani ni lile lile, hakuna utepe wa kubanduka. Yapo ya milimita 13 hadi 20. Bei yake inauma, kwa hiyo niliweka bamba hilo pale tu panapolowa: kupokelea sampuli, kupakia rangi na pembeni ya sinki. Chini ya ukingo wa mbele fundi alichonga mfereji mwembamba, tone likifika hapo linadondoka sakafuni badala ya kutambaa hadi kwenye kabati. Upande wa ukutani bamba limepanda kama sentimita kumi, na kona imezibwa kwa silikoni. Fremu ni bomba za chuma za mraba, na makabati ya chini yana magurudumu ili yavutwe tukideki. Meza ya kufanyia kazi umesimama ina kimo cha sentimita 90, ya darubini 75 kwa sababu tunaitumia tumekaa. Sentrifuji ina meza yake peke yake, nzito.

Bamba la epoksi, resini ya aina nyingine, ni zuri kuliko yote kwa anayecheza na asidi kali, ila ni zito na ghali, na kwa vipimo vya damu na choo hulihitaji. Tailizi? Kigae chenyewe hakina neno. Shida ni grauti ya saruji iliyo katikati ya vigae: inanywa rangi na inaliwa na asidi. Kama huna njia nyingine, dai grauti ya epoksi. Terazo nayo ina chembe za marumaru, na asidi ikiigusa inatoa povu. Stenlesi inafaa, lakini usidanganywe na sumaku. Sumaku itakusaidia kuitambua ile ya bei rahisi inayovutwa, haitakutofautishia madaraja ya stenlesi yanayoitwa 304 na 316.

Na hata stenlesi inauawa na jiki, kwa mikono yetu wenyewe. Changanya sehemu moja ya jiki ya asilimia 3.5 na sehemu sita za maji, upate asilimia 0.5, uchanganye upya kila siku. Damu ikimwagika, acha dawa ikae dakika kumi, futa, kisha suuza kwa maji matupu. Watu wengi huruka hiyo suuza, halafu wanashangaa chuma kutoboka vijishimo. Na jiki isikutane kamwe na ile asidi alkoholi tunayotumia wakati wa kupaka rangi slaidi, maana inatoa gesi ya klorini. Kila Jumamosi zungukia kingo na maungio. Silikoni ikiachia, ikwangue yote, kausha, paka upya siku hiyo hiyo, usingoje.

Wadogo zangu mlioajiriwa, mkiona meza inanunuliwa vibaya, semeni. Andikeni, wekeni tarehe, bakini na nakala. Msinyamaze kwa sababu bosi ana hela na ninyi mna diploma. Vijidudu vikishaingia kwenye ufa, anayeinama pale kila asubuhi ni wewe, na mgonjwa anayepewa majibu hajui lolote kuhusu kikao kile. Ukingo, ukingo, ukingo. Nitalisema mpaka mnichoke.

Na wewe wa Kahama, meza ya mjomba ipokee kwa shukrani, uiweke mapokezi pamoja na rejista na kompyuta. Sampuli zisifike pale. Kiti chake kama ni cha kitambaa, kibaki hukohuko mapokezi. Ndani ya maabara weka stuli za ngozi bandia zinazofutika. Kisha tafuta kile kipande, kiloweke usiku, na asubuhi niandikie kimeongezeka milimita ngapi kabla hujamlipa fundi.